Mnarani, Kijiji cha Kivukoni

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini hawakutuambia mtu aulizwaye habari za kwao akakosa jibu aitwe nani. Jina hilo, liwe lolote, lilinifika mimi mwaka jana mwezi wa nane. Nilikuwa nimeketi kwenye duka la jirani yetu hapo Mnarani, karibu na barabara kuu, basi la shule moja ya bara likasimama. Wanafunzi wakashuka kununua maji na madafu. Mmoja wao, msichana wa rika langu, akaniuliza, "Samahani, kijiji hiki kwa nini chaitwa Mnarani? Huo mnara uko wapi, na ni wa nani?"

Nikanyoosha kidole kuelekea baharini nikasema, "Uko kule." Akauliza tena, "Wa nani?" Nikajibu, "Wa watu wa kale." Akatabasamu kwa adabu, akaandika kitu kwenye daftari lake, akapanda basi. Hadi leo sijui aliandika nini. Najua tu kwamba nimezaliwa Mnarani, nimelelewa Mnarani, kila asubuhi navuka daraja kwa miguu kuja shuleni, na siku hiyo sikuwa na la maana la kusema juu ya kwetu.

Basi mwalimu mlezi wa chama chetu aliposema kila mwanachama wa kidato cha tatu aandike makala ya maelezo, nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kumjibu yule msichana. Nimeuliza wazee, nimesoma vitabu vya maktaba, nimekwenda kwenye magofu mara tatu, na zaidi ya yote nimekaa na nyanya yangu, ambaye sisi Wagiriama twamwita hawe. Ndugu msomaji, nakuomba uvumilie mpaka mwisho, manake jambo nililoligundua silo lile nililokwenda kulitafuta.

Mahali palivyo

Kijiji cha Mnarani kiko karibu katikati ya njia itokayo Mombasa kwenda Malindi, takriban kilomita 60 kutoka kila upande. Kiko kusini mwa hori la Kilifi, na mji wa Kilifi uko kaskazini. Hori ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu. Watu wengi kwetu husema "mto", lakini si mto. Ukionja maji yake utajua mwenyewe.

Hori hili lina umbo la ajabu. Mlangoni ni jembamba na kingo zake ni majabali marefu yaliyosimama wima. Ukiingia ndani zaidi, kingo zinaachana na maji yanatanuka mpaka yanafanana na ziwa. Sehemu hiyo pana yaitwa Bahari ya Wali. Siku isiyo na upepo maji yake hutulia kama kioo, na mgeni anaweza kuapa kwamba ameona ziwa la maji baridi.

Je, hori lilitokeaje? Majabali yetu ni mawe ya matumbawe. Zamani sana, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na pale tunapolima mihogo palikuwa mwamba wa matumbawe chini ya maji. Ndiyo sababu ukichimba shimo la choo kwetu hukosi kukuta makombe na chaza waliogeuka mawe. Baadaye dunia ikapoa, barafu ikawa nyingi katika nchi za baridi, na bahari ikashuka. Miaka takriban 20,000 iliyopita maji yalikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko sasa. Mito iliyotoka bara ikakata bonde refu katika mawe ili kuifuata bahari iliyokimbia. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikarudi na kulijaza bonde lile. Kwa hiyo hori la Kilifi ni bonde la mto lililozama. Hadi leo mito kama Rare na Ndzovuni huleta maji yake ndani ya hori wakati wa mvua, na maji hayo yakija ni mekundu kwa udongo wa mashamba.

Mara mbili kwa siku maji hujaa, na mara mbili hupwa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka sana, na mkondo pale mlangoni huwa na nguvu ya kumchosha mpiga kasia hodari. Wakati wa maji mafu, tofauti huwa ndogo. Ndani ya hori kuna misitu ya mikoko. Wazee huigawa kwa majina: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, mlilana na mingineyo, na kila mmoja una kazi yake. Katika mizizi yake hukua kamba, kaa na samaki wadogo. Msimu wa kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, ndege wekundu wanaokula nyuki hutoka nchi za kaskazini na kuja kulala kwenye mikoko yetu. Jioni utawaona wakizunguka juu ya maji makundi kwa makundi.

Nimeeleza haya yote kwa sababu moja. Hori ndilo lililoamua maisha ya watu wa hapa. Anayetaka kwenda kaskazini au kusini kwa njia ya pwani lazima alivuke, la sivyo azunguke mbali sana bara. Mahali pa kuvukia huwa na watu, na palipo na watu hapakosi soko.

Mji wa kwanza

Sasa nifike kwenye mnara. Magofu ya Mnarani yako juu ya jabali, mahali ambapo mtu akisimama huona mlango wa hori na bahari kuu. Yanatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ukipanda kutoka ufukoni, ngazi ni nyingi na utafika juu ukihema.

Watu waliishi hapo kuanzia karne ya 14 hadi mwanzo wa karne ya 17. Walikuwa Waswahili Waislamu, wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wa baharini. Mji wao haukuwa peke yake. Kulikuwa na Kioni ng'ambo ya pili ya hori, na Kitoka upande wa kusini kwenye hori la Takaungu. Wataalamu wanasema miji hiyo mitatu kwa pamoja ndiyo iliyoitwa Kilifi katika habari za kale. Kwa hiyo jina Kilifi lilikuwa letu pia, si la ng'ambo pekee. Jambo hili niliwaambia marafiki zangu wa mjini, wakabisha mpaka kengele ya kuingia darasani ikalia!

Mwaka 1954 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, ambaye tangu 1948 alikuwa akichimbua mji wa Gede, alichimbua Mnarani. Kilichoonekana ni msikiti mkubwa uliojengwa juu ya mabaki ya msikiti wa zamani zaidi, msikiti mdogo, makaburi na kisima kirefu. Kwenye msikiti mkubwa kulikuwa na maandishi mengi ya Kiarabu yaliyochongwa katika matumbawe. Kando ya magofu kuna mibuyu mikubwa ambayo watu wanne wakishikana mikono hawawezi kuizunguka.

Nilitaka kujua jinsi walivyojenga bila saruji. Kumbe kazi ilikuwa hivi. Mawe ya kuta yalivunjwa kutoka majabali ya nchi kavu, yale magumu. Mawe ya kuchonga nakshi, kama ya kibla na ya milango, yalitolewa baharini yangali mabichi. Tumbawe likiwa bichi ni laini, hukatwa kwa kisu au patasi. Likikauka huwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo, hasa ya mikoko, kuweka matumbawe juu yake na kuyachoma moto mpaka yakawa unga. Dari ilishikwa kwa boriti za mikoko. Boriti nzuri haizidi sana mita tatu, na ndiyo sababu vyumba katika miji ya kale ya pwani ni virefu lakini vyembamba. Msitu ndio uliopima nyumba.

Na mnara? Ni nguzo ndefu ya mawe iliyosimama juu ya kaburi. Makaburi ya nguzo yanapatikana katika pwani yetu tangu kaskazini huko Lamu, na Malindi lipo moja maarufu karibu na bahari. Yalijengewa watu wenye cheo au heshima kubwa. Baharia aliyekuja kutoka mbali aliona mnara juu ya jabali akajua kwamba hapo pana mji na pana watu wakubwa. Basi kijiji chetu kimepewa jina la kaburi la mtu ambaye sisi wanakijiji hatulijui jina lake.

Biashara ya mji ilifuata pepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha. Vipande vya vyombo vya kauri kutoka Uchina vimepatikana katika magofu ya pwani yetu, Mnarani ikiwamo. Hili lisikushangaze, maana mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga kwa mfalme wa Uchina. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi baada ya kukosana na watu wa Mombasa, na tangu hapo Wareno wakaingia katika ugomvi wa miji ya pwani. Kilifi ilikuwa upande wa Mombasa, nayo Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno. Mwishoni mwa karne ya 16 Wasegeju, waliokuwa wakiisaidia Malindi, waliipiga Kilifi. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, na sultani wa Malindi akahamia huko. Njia ya biashara na ya utawala ikahama. Katika karne ya 17 yakaja mashambulizi ya Waoromo, ambao vitabu vya zamani huwaita Wagalla, na miji midogo ya pwani ikaachwa mmoja baada ya mwingine. Mnarani nayo ikaachwa. Mibuyu na vichaka vikaingia misikitini.

Niliposimama kando ya kile kisima nikatupa jiwe dogo. Mwongozaji akanikemea, na alikuwa na haki. Nikamuuliza, "Ni nani aliyekichimba?" Akasema, "Wachimbaji." Nikacheka kidogo, manake jibu lake lilifanana na langu siku ile ya basi. Si kosa lake. Kuta zimebaki na maandishi ya dini yamebaki. Lakini mchimba kisima, muuza samaki na mpiga kasia aliyevusha watu kwenda Kioni, hao hawakuandikwa popote.

Miaka ya katikati

Miaka iliyofuata nitaipita upesi. Wamijikenda walikuwa wakiishi katika kaya zao ndani ya misitu, na Kaya Kauma iko bara, si mbali na hori letu. Mwaka 2008 kaya kadhaa, pamoja na hiyo, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1837 Mazrui waliposhindwa Mombasa na Sultani Seyyid Said, baadhi yao walihamia Takaungu, kusini kidogo mwa kwetu, na eneo hili likawa chini ya mkono wao. Kulikuwa na mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Historia hiyo ni chungu lakini ni yetu. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao, nao Mazrui waliowapinga wakapigana nao mpaka 1896. Ukanda wa pwani ukabaki kwa jina mali ya Sultani wa Zanzibar hadi uhuru, 1963.

Wagiriama, Wakauma na Wachonyi walisogea karibu na bahari kulima na kutafuta kazi. Wengine walikwenda kukata mkonge Vipingo. Babu yake mama yangu alikuwa mmoja wao. Barabara ya magari ilipopitishwa pwani, ilibidi ifike ukingoni mwa hori na kusimama. Hapo ndipo ulipozaliwa mji wa pili.

Mji wa pili

Mji huu hauna magofu. Ulikuwa mteremko mmoja wa barabara kuelekea majini, gati, vibanda vya makuti na feri iliyovusha magari na watu. Hawe yangu alianza kuuza hapo akiwa msichana. Kwanza aliuza maembe na korosho kwa niaba ya shangazi yake. Alipoolewa akawa na meza yake mwenyewe: korosho za kukaanga zilizofungwa katika karatasi, viazi, mahindi ya kuchoma na madafu.

Nilimuuliza ilikuwaje. Alicheka, akasema, "Mwanangu, feri ilikuwa shamba letu. Mabasi yakipanga foleni, hiyo ndiyo mvua." Alinieleza kwamba muuzaji mzuri hakutazama basi lililo mbele. Alitazama la nne au la tano, kwa sababu abiria wake walikuwa na muda wa kushuka, kunyoosha miguu na kuona njaa. Mabasi ya Malindi yalikuja na watu wa haraka. Ya kwenda Lamu yalikuwa na watu wa safari ndefu, na hao walinunua vingi. Kukiwa na bamvua na maji yamepwa sana, kupakia magari kulikuwa kazi, foleni ikawa ndefu, na wauzaji wakafurahi kimyakimya. "Dereva alipolaani maji," alisema hawe, "sisi tulimshukuru Mungu."

Babu, mumewe, alikuwa akifunga kamba za feri. Alijua mkondo kwa kuutazama tu. Kulikuwa na wachukuzi wa mizigo, mafundi wa magurudumu, wapiga zumari siku za harusi, na wasomi wa mitihani walioketi chini ya mwembe wakisoma wakingoja kuvuka. Mapenzi pia yalianzia hapo, ati kwa sababu kijana na msichana walipata nusu saa ya kusimama mahali pamoja bila mtu kuwauliza wafanyalo. Hawe na babu walijuana hapo hapo. Nusu ya ukoo wetu imetokana na foleni!

Nisije nikaipaka feri sukari tupu. Hospitali iko ng'ambo, upande wa mji. Usiku mmoja hawe alishikwa na uchungu wa kuzaa. Babu alikuwa safarini. Majirani wakamshusha mpaka ufukoni, lakini feri ilikuwa imefungwa upande wa pili. Wakapiga kelele, wakawasha makuti yakawaka kama mwenge, wapi! Upepo ulizirudisha sauti zao. Mjomba wangu alizaliwa juu ya benchi la kuuzia korosho, taa ikiwa ya chemni na mkunga akiwa muuza samaki. Alinusurika, naye hawe akanusurika. "Lakini mwenzangu mmoja," alisema hawe, "hakunusurika." Akanyamaza. Sikumuuliza jina. Sasa najuta, na utajua kwa nini.

Daraja

Mwaka 1991 daraja la Kilifi lilifunguliwa. Lilijengwa kwa msaada wa Japani, lina urefu wa zaidi ya mita 400, na linapita juu kabisa, kutoka jabali hadi jabali, kiasi kwamba vyombo vya matanga hupita chini yake. Siku za kwanza watu walivuka kwa miguu kwenda na kurudi bila sababu yoyote, kwa raha tu. Hawe naye alivuka. Anasema alipofika katikati alitazama chini akaiona meza yake, ndogo kama kiberiti.

Feri ikasimama. Katika muda mfupi mabasi yakawa yanapita juu bila hata kupunguza mwendo. Wauzaji walihamia kando ya barabara kuu, lakini gari liendalo mbio halinunui korosho. Wengine walikwenda Mtwapa, wengine Mombasa, kule Likoni ambako hadi leo watu huvuka kwa feri na wauzaji wangaliko. Babu alipata kibarua cha ulinzi. Hawe alirudi shambani kwenye mihogo. Mama yangu, aliyekuwa mtoto wakati huo, anasema mwaka ule ndio walioanza kunywa chai bila sukari.

Mnaweza kudhani hawe analichukia daraja. Hapana. Nilipomuuliza alinijibu hivi: "Daraja lilininyang'anya biashara, likanipa wajukuu." Mama alipojifungua mimi ilikuwa usiku wa manane. Gari lilimfikisha hospitali kwa dakika chache tu, na nilizaliwa kwenye kitanda, si kwenye benchi. Daraja hilo hilo ndilo linileteo shuleni.

Nililoligundua

Ndugu msomaji, nilikwenda kutafuta habari za mnara, nikakuta kwamba kijiji chetu kimeachwa mara mbili, na kila mara sababu ilikuwa njia kuhama. Mara ya kwanza zilikuwa njia za baharini na vita, katika karne ya 17. Mara ya pili ilikuwa barabara, mwaka 1991. Mji wa kwanza umeacha mawe bila sauti za watu wa kawaida. Mji wa pili haukuacha mawe yoyote. Gati limeliwa na maji, vibanda viliuzwa kuni. Lakini sauti zake zingalipo. Zinaishi nyumbani kwetu, zinakunywa uji na kulalamika magoti.

Ila hazitaishi milele. Mwaka huu hawe ameanza kusahau. Mwezi wa pili aliniita kwa jina la mjomba wangu siku nzima. Nilipomrudia kumuuliza jina la yule mwenzake ambaye hakunusurika usiku ule, alinitazama sana akasema, "Mwenzangu yupi?" Nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe. Nilikuwa na nafasi ya kuuliza nikaikosa, na sasa mama yule amekuwa kama mchimba kisima. Tunajua aliishi, hatujui aliitwaje.

Tangu siku hiyo nina daftari. Nimeandika bei ya korosho kama hawe aikumbukavyo, majina ya wauzaji kumi na wanane na mahali kila mmoja alipoweka meza yake, na jinsi babu alivyosoma mkondo. Mengine yanagongana. Mzee mmoja aliniambia mwembe ulikuwa kushoto kwa mteremko, hawe anasema kulia. Nimeandika yote mawili. Mwalimu wetu wa historia amesema hivyo ndivyo inavyofaa, mpaka apatikane shahidi wa tatu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanachama wenzangu. Wengi wetu twatoka vijijini: Takaungu, Tezo, Ngerenya, Roka, Chumani, hata Watamu na Mambrui. Kila kijiji kina kitu kilichokuwapo kikaondoka: kisima, soko, jeti, mti wa baraza. Katika likizo ijayo kila mmoja amwulize mzee mmoja, naye aandike majina ya watu kwanza, mambo mengine baadaye. Majina ndiyo yanayopotea upesi. Daftari ni bei ya andazi chache tu. Tukileta yote katika chama, toleo la mwaka ujao litakuwa na kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha maktaba yetu.

Na wewe dada wa basi, popote ulipo, jibu lako ni hili. Mnara ni nguzo ya kaburi, juu ya jabali, panda ngazi upande wa bahari. Ni wa mtu mkubwa wa mji uliodumu kama miaka 300. Chini yake, ufukoni, palikuwa na mji mwingine usio na mnara, nao ulikuwa wa hawe yangu na wenzake kumi na saba. Majina yao ninayo. Ukipita tena, shuka, nitakusomea.